Mtoto Si Mtu Mzima Mdogo: Sayansi ya Kupanda Mlima Pamoja na Watoto

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, familia nyingi za mijini hufunga safari kwenda kuwaona jamaa katika nchi za milima: Kilimanjaro, Meru, Usambara, Upare, Uluguru. Hapo aghalabu hutokea wazo la kuwachukua watoto na kupanda nao mlima kwa siku moja, ili wauone msitu, wawaone mbega wakiruka matawini, na waitazame nchi kutoka juu. Wazo hilo ni jema. Mtoto aliyepita msituni kwa miguu yake mwenyewe hujifunza mambo ambayo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha.

Lakini safari za namna hiyo mara nyingi hupangwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mzazi huuliza njia ina urefu gani, hukadiria kwamba yeye huweza kuimaliza kwa saa tatu, kisha huongeza nusu saa kwa ajili ya mtoto. Kosa la hesabu hiyo haliko katika ile nusu saa. Liko katika dhana iliyo nyuma yake, yaani kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Elimu ya viumbe imethibitisha kwamba sivyo. Umbo likipungua, uhusiano baina ya urefu, eneo la ngozi na uzito hubadilika, na pamoja nao hubadilika mwendo, joto la mwili, na namna mwili unavyokabili hewa hafifu ya mlimani. Makala haya yanakusudia kueleza mabadiliko hayo, na kuonyesha kwa nini mzazi asiyeyajua huweza kumtia mwanawe hatarini pasipo kukusudia.

Ili maelezo yasielee hewani, na ichukuliwe mfano njia moja inayojulikana sana: ile iendayo kutoka lango la Marangu, upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, hadi kituo cha Mandara. Lango liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Mandara iko karibu mita 2,700. Urefu wa njia ni kilometa 8 hivi, na yote hupita ndani ya msitu. Na idhaniwe kwamba wanaosafiri ni baba, mama, mtoto wa miaka mitano na mtoto wa mwaka mmoja.

Miguu mifupi na sheria ya mwendo

Mtu atembeapo, mguu uliokanyaga chini husimama kama mhimili, na kiwiliwili hupita juu yake kikichora sehemu ya duara. Kinachokizuia kiwiliwili kisiruke na kuiacha duara hiyo ni nguvu ya mvutano wa dunia. Mwendo ukizidi kiasi fulani, nguvu hiyo haitoshi tena, na mtu hulazimika kuacha kutembea na kuanza kukimbia. Kiasi hicho hutegemea urefu wa mguu: mguu mfupi huchora duara ndogo, na katika duara ndogo kikomo hufikiwa mapema.

Kanuni inayotumika kukadiria jambo hili hupewa jina la William Froude, mhandisi wa meli wa Uingereza aliyeishi baina ya mwaka 1810 na 1879. Yeye alishughulika na mawimbi yanayofanywa na meli, lakini baadaye wataalamu wa mwendo wa wanyama, hasa R. McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds, walionyesha kwamba hesabu hiyo hiyo huwafaa viumbe wenye miguu. Kwa mujibu wake, mwendo hauongezeki sawasawa na urefu wa mguu, bali huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha urefu huo.

Mtu mzima mwenye mguu wa sentimeta 90, kutoka nyonga hadi kisigino, hutembea kwa starehe mwendo wa kilometa 5 na kidogo kwa saa, na hulazimika kukimbia afikapo kilometa 7 na nusu hivi. Mtoto wa miaka mitano ana mguu wa sentimeta 50 hivi. Mwendo wake wa starehe ni kilometa 4 kwa saa, na kikomo chake cha kutembea hakifiki kilometa 6. Maana yake ni kwamba baba anapotembea mwendo wake wa kawaida, mwanawe aliye kando yake yu karibu kukimbia. Baba hajisikii kuharakisha hata kidogo, na kwa sababu hiyo hushangaa mtoto anapoanza kulalamika kabla ya robo ya njia. Kundi la watafiti lililoongozwa na Giovanni Cavagna wa Milan, Italia, lilipima mwendo wa watoto mwaka 1983 na kuona kwamba gharama ya kutembea huongezeka upesi mtoto anapoharakishwa kupita mwendo unaolingana na kimo chake.

Jambo la pili ni idadi ya hatua. Mtu mzima mwenye hatua ya sentimeta 75 huhitaji hatua 10,700 hivi kumaliza kilometa 8. Mtoto mwenye hatua ya sentimeta 42 huhitaji zaidi ya 19,000. Mzizi au jiwe ambalo mzazi hulivuka bila ya kulitazama, kwa mtoto ni kizuizi kinachomfika gotini.

Hata hivyo haifai kusema kwamba mtoto ni dhaifu. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa na Australia waliwalinganisha wavulana wa umri wa miaka 8 hadi 12 na wanaume wasio na mazoezi, na pia na wanamichezo wa mbio za masafa marefu. Katika mazoezi mafupi ya nguvu, misuli ya wavulana ilikawia kuchoka kama ile ya wanamichezo, na katika kurudisha nguvu baada ya kazi iliwatangulia hata wanamichezo hao. Hapa ndipo penye maelezo ya jambo ambalo kila mzazi amelishuhudia: mtoto huketi njiani akalia kwamba hawezi tena, na baada ya dakika kumi huinuka akamkimbiza kipepeo. Hakuwa akidanganya mara ya kwanza, wala hakupona kwa miujiza mara ya pili. Mwili wake hufanya kazi kwa vipindi vifupi na hupumzika upesi. Safari inayomfaa ni ile yenye vituo vingi vifupi, wala si ile ya mwendo mmoja mrefu unaoishia kwenye kituo kimoja.

Kukadiria saa za safari

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa kanuni rahisi ambayo hutumika hata leo: saa moja kwa kila maili tatu za njia, yaani kilometa 4.8, na kuongeza nusu saa kwa kila futi 1,000 za kupanda, yaani mita 305. Kwa njia ya Mandara, kilometa 8 ni saa 1 na dakika 40, na mita 800 za kupanda ni saa 1 na dakika 20. Jumla ni saa 3, na hivyo ndivyo watu wazima wengi huchukua.

Kwa mtoto wa miaka mitano, saa hizo 3 huwa 4 kwa sababu ya urefu wa mguu peke yake. Ikiongezwa mapumziko ya dakika 10 baada ya kila nusu saa, pamoja na dakika 40 za kula, kupanda huchukua saa 6. Kushuka, pamoja na mapumziko, hakupungui saa 3. Siku nzima basi ni ya saa 9, bila ya kuhesabu muda wa kukaa juu.

Familia iliyoondoka langoni saa 2 asubuhi hufika Mandara saa 8 mchana. Ikikaa nusu saa hurudi langoni saa 11 na nusu jioni, na jua bado halijatua. Familia iliyochelewa ikaondoka saa 4 asubuhi, kwa hesabu hiyo hiyo, itakuwa bado njiani saa 1 usiku, ndani ya msitu mzito, na watoto waliochoka, katika baridi. Ajali nyingi za milimani hutokea wakati wa kushuka, mtu anapokuwa amechoka na mwangaza umepungua. Kwa sababu hiyo wenye ujuzi hupanga saa ya kugeuka kabla ya kuondoka. Katika mfano huu saa hiyo ni saa 8 mchana. Ikitimia, familia hugeuka popote ilipo, hata kama kituo kimebaki umbali wa kutupa jiwe. Anayeamua jambo hilo asubuhi nyumbani huamua kwa akili iliyotulia. Anayengoja kuliamua njiani huvutwa na hamu ya kufika.

Joto na baridi

Chai iliyomiminwa katika kikombe hupoa kabla ya ile iliyobaki katika birika, ingawa zote zilitoka jikoni pamoja. Sababu ni kwamba kitu kidogo kina eneo kubwa la nje kikilinganishwa na ujazo wake, na joto hutokea nje. Mtoto na mzazi wake wana tofauti hiyo hiyo. Mtu mzima wa kilo 65 ana ngozi ya sentimeta za mraba 270 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa miaka mitano, mwenye kilo 18, ana 410 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja ana karibu 470. Kwa hiyo, katika baridi, mtoto wa miaka mitano hupoteza joto kwa kadiri ya mara moja na nusu zaidi ya mzazi, na mdogo wake zaidi ya hapo.

Hali ya hewa ya mlimani huuongeza uzito wa jambo hili. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 za Sentigredi. Mtu aliyeondoka mjini Moshi penye nyuzi 28 hukadiriwa kukuta nyuzi 16 tu Mandara wakati wa mchana. Aidha msitu wa Kilimanjaro una mvua nyingi, na mara nyingi mawingu hukusanyika baada ya adhuhuri. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mtoto aliyelowa huvuliwa joto lake upesi kuliko mtoto aliye uchi mahali pakavu. Nguo ya pamba hunywa maji na kuyashika mwilini. Sweta la sufu huhifadhi sehemu ya joto hata likiwa limelowa. Kwa hiyo koti la mvua la mtoto na nguo kavu za kubadili, zilizofungwa katika mfuko wa plastiki, si anasa bali ni vifaa vya kuokoa maisha.

Dalili za mwili kupoa hazifanani siku zote na vile mzazi anavyotazamia. Mwanzo mtoto hutetemeka. Hali ikizidi, kutetemeka huweza kukoma, na mtoto huwa mkimya, mzito wa kusema, mwenye kujikwaa na kutaka kulala. Mzazi asiyejua hufurahi kwamba kilio kimekwisha. Kumbe ukimya huo ndio hatari yenyewe, na dawa yake ni kumvua nguo zilizolowa, kumvika kavu, kumkumbatia mwilini, kumpa kinywaji cha moto chenye sukari akiwa anaweza kumeza, na kushuka.

Katika nchi ya joto, kabla ya kuingia msituni au kwenye vilima vya uwazi, ngozi hiyo pana huweza kumsaidia mtoto kujipoza. Lakini hewa ikiwa na joto kuliko ngozi yenyewe, mambo hugeuka: ngozi pana huingiza joto, na mtoto hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima. Kadhalika mtoto aliyezama katika mchezo hasemi kwamba ana kiu. Maji apewe kwa saa, katika kila kituo, bila ya kungoja ayaombe, pamoja na chakula kidogo cha wanga kama vile ndizi, viazi au mkate. Miali ya jua ichomayo ngozi nayo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, hata hewa ikiwa baridi. Kofia pana na mikono mirefu huwafaa watoto wote, na kwa mtoto mwenye ualbino ni lazima.

Mtoto wa mgongoni

Mtoto wa mwaka mmoja hutembea hatua chache tu. Njia nzima atabebwa. Je, mbebaji hulipa kiasi gani? Mwaka 1986 Profesa G.M.O. Maloiy wa Nairobi pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowashangaza wataalamu wengi. Waliwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo waliozoea kubeba mizigo kichwani na Wakikuyu waliozoea kubeba kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, wakaona kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao kwenye ardhi tambarare pasipo kutumia nishati zaidi. Uchunguzi wa baadaye ulieleza kwamba mazoea ya tangu utotoni yaliwafundisha kuitumia vizuri zaidi nishati inayopanda na kushuka pamoja na mwili katika kila hatua.

Matokeo hayo yahusu ardhi tambarare. Mlimani hakuna mazoea yanayoweza kumwondolea mtu kazi ya kuinua uzito. Lakini kazi hiyo yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Kumwinua mtoto wa kilo 9 na nusu kwa mita 800 hudai kilokalori 70 hivi za chakula, kiasi ambacho ndizi mbivu moja yaweza kukitoa. Hatari ya kumbeba mtoto haiko hasa katika nguvu zinazotumika. Iko katika mambo mawili mengine.

La kwanza ni kuanguka, kwa kuwa mbebaji haoni vizuri miguu yake ikiwa mtoto yuko kifuani, na akiteleza huanguka wawili. La pili ni baridi. Mama anayepanda hutoa jasho, akahisi joto, akafungua vifungo. Mtoto aliye mgongoni hafanyi kazi yoyote, kwa hiyo misuli yake haizalishi joto, huku miguu yake ikining'inia katika upepo. Mama humpima mtoto kwa joto lake mwenyewe, na kipimo hicho humdanganya. Mbeleko ya kanga ina faida moja kubwa kuliko vikapu vya mgongoni vya kisasa vyenye fremu ya chuma: mtoto hugusana na mwili wa mama na kupata joto lake. Hata hivyo kanga iliyolowa jasho au mvua hupoteza faida hiyo. Kila kituo mbebaji hana budi kushika mikono na miguu ya mtoto, na kutia kidole nyuma ya shingo yake, ili ajue hali ilivyo.

Hewa ya mlimani

Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, pwani na kileleni sawasawa. Kinachopungua mlimani ni kanieneo ya hewa yenyewe. Mandara kanieneo ni karibu asilimia 73 ya ile ya Dar es Salaam, na katika kilele cha Kibo, mita 5,895, ni karibu nusu tu. Kila pumzi huleta oksijeni pungufu, na mwili huhitaji siku kadhaa kujirekebisha. Usipopewa muda huo, kuanzia mita 2,500 hivi, watu wengine hupata ugonjwa wa mlimani: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na usingizi mbaya. Ukipuuzwa huweza kugeuka kuwa maji katika mapafu au uvimbe wa ubongo, na yote mawili huua.

Watoto hupatwa na ugonjwa huu takriban sawa na watu wazima. Tofauti ni kwamba mtoto mdogo hawezi kusema kichwa kinamuuma. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Michael Yaron na wenzake, walichapisha kipimo cha ugonjwa wa mlimani kwa watoto wasiojua kusema. Badala ya kuuliza habari za kichwa, kipimo hicho hutazama kilio kisicho na sababu nyingine, kula, kucheza na kulala. Mwaka 2001 Chama cha Kimataifa cha Tiba ya Milimani kilitoa mashauri kuhusu watoto. Msingi wake ni huu: mtoto anayeonyesha dalili hizo mahali pa juu na achukuliwe kuwa ana ugonjwa wa mlimani hadi ithibitike vinginevyo, na ashushwe. Kwa wanaokwenda juu zaidi ya mita 2,500, mahali pa kulala pasipandishwe zaidi ya mita 300 kwa siku.

Kwa safari ya siku moja hadi Mandara, mtoto mwenye afya hana hatari kubwa, kwa kuwa jioni hurudi chini. Mashaka huanza pale familia iliyotoka pwani jana inapolala Mandara leo na kuendelea juu kesho. Wakuu wa Hifadhi ya Kilimanjaro hawawaruhusu watoto walio chini ya miaka 10 kwenda kileleni, na msomaji sasa aweza kuona sababu yake.

Malaria na selimundu

Vitabu vya Ulaya vinavyoeleza ugonjwa wa mlimani vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambako mtoto anayetapika mlimani ana ugonjwa wa mlimani au amekula kitu kibaya. Katika Afrika Mashariki kuna jambo la tatu. Mtoto aliyeumwa na mbu Dar es Salaam au Tanga wiki mbili zilizopita huweza kuanza kuugua malaria siku ile ile anapopanda mlima. Kuumwa kichwa, kutapika, kukataa chakula na kulegea ni dalili za magonjwa yote mawili. Joto la mwili likipanda sana hutilia nguvu shaka ya malaria, lakini kukosekana kwa homa saa hiyo hakuiondoi shaka, kwa kuwa homa ya malaria hupanda na kushuka. Kwa bahati njema uamuzi wa kwanza ni mmoja kwa yote mawili: kushuka mara moja. Uamuzi wa pili ni kumpeleka mtoto akapimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama amechangamka baada ya kushuka. Mzazi anayesema "ni hewa ya mlimani tu, itapita" huweza kupoteza saa ambazo malaria ya mtoto mdogo haisamehe.

Jambo jingine ni ugonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye selimundu, zinapokosa oksijeni, hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Mambo yanayochochea hali hiyo ni upungufu wa oksijeni, baridi, upungufu wa maji mwilini na kazi ngumu. Mlima huyaleta yote manne kwa pamoja. Mtoto anayejulikana kuwa na ugonjwa huu asipandishwe milima mirefu bila ya ushauri wa daktari wake. Mtoto mwenye historia ya maumivu makali ya viungo na upungufu wa damu usioelezeka apimwe kabla ya safari, si baada yake. Vivyo hivyo mtoto mwenye mafua makali au kifua na abaki chini, kwani maradhi ya kifua huongeza uwezekano wa mapafu kujaa maji mahali pa juu.

Mtoto akipotea

Mtoto mdogo hana haja ya kwenda mbali ili apotee. Katika msitu mzito, mita 20 kutoka njiani hutosha. Mwaka 1981, huko California, Marekani, mvulana wa miaka tisa alipotea katika mlima wa Palomar akiwa matembezini na ndugu zake. Mamia ya watu walimtafuta kwa siku kadhaa, na alipopatikana alikwisha kufa kwa baridi. Mmoja wa wafuatiliaji nyayo walioshiriki katika msako huo alianzisha baadaye mafunzo ya shuleni ambayo kiini chake ni agizo moja: mtoto akijiona amepotea, aukumbatie mti ulio karibu naye na asiuache. Mantiki yake ni nyepesi. Eneo la kutafutwa hukua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Mtoto anayeweza kuwa amekwenda kilometa 1 huhitaji kutafutwa katika kilometa za mraba 3. Aliyeweza kwenda kilometa 3 huhitaji kutafutwa katika kilometa za mraba 28. Anayetulia mahali pamoja hulifanya eneo hilo lisikue.

Kwa hiyo kila mtoto afungiwe shingoni filimbi, na afundishwe nyumbani kuipuliza. Ishara ya hatari inayojulikana milimani ni milio sita katika dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha milio sita tena. Sauti ya mtoto hukauka baada ya muda mfupi wa kupiga kelele, lakini filimbi haikauki. Avae nguo ya rangi kali isiyofanana na majani. Afundishwe pia kuitikia kila anaposikia jina lake likiitwa msituni, hata na mtu asiyemjua, kwa sababu watoto wengi waliofundishwa kuwaogopa wageni hujificha wanapotafutwa. Na mtu mzima mmoja aende nyuma ya kundi daima, asitanguliwe na wote wala asimwache mtoto nyuma yake.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya yafaa mzazi ayashike mambo machache. Mwendo wa kundi zima ni mwendo wa mwenye miguu mifupi kuliko wote, naye ndiye atangulizwe mbele. Saa ya kuondoka na saa ya kugeuka zipangwe kwa hesabu ya mtoto. Joto lake lipimwe kwa kumgusa, lisikisiwe kwa joto la mzazi. Maji na chakula vitolewe kabla ya kuombwa. Mtoto aliyebadilika tabia mahali pa juu, akawa mkimya, mwenye kilio au mwenye kukataa chakula, ashushwe kwanza na sababu itafutwe baadaye.

Hakuna katika mambo hayo linalohitaji fedha nyingi au vifaa vya kigeni. Filimbi, koti la mvua, sweta, chupa ya maji na ndizi hupatikana katika soko lolote. Familia isiyoweza kufika Kilimanjaro inaweza kuanza na kilima kilicho nyuma ya kijiji au mitaa ya mji wake, kwa saa mbili tu, na kuongeza umbali kadiri mtoto anavyokua. Wala mtoto wa miaka mitano hana habari na Mandara. Kwake yeye kinyonga aliyeonekana kwenye tawi na kijito kilichovukwa kwa kukanyaga mawe ni safari iliyokamilika, na mzazi aliyegeuka naye nusu ya njia hakumnyima kitu.